Dirisha la Korti ya Zamani

Iko siku moja, mwanangu, haijawahi kunitoka kichwani, na mengi yameshanitoka, hata miwani nikiwa nimeivaa huwa naitafuta. Siku hiyo baba yangu mzazi aliniambia neno moja mbele ya darasa zima, nikatamani ardhi ya Temeke ipasuke inimeze. Haikupasuka. Ardhi ya huku ni mchanga tupu, inakuzamisha kidogo kidogo tu huku watu wanakutazama.

Nitakupa habari yote, lakini ngoja nianze na ya juzi, maana ya juzi ndo imenifanya nikae kitako niseme.

Juzi mjukuu wangu Nasra, yuko kidato cha nne, ana mtihani mbele yake, alikuwa anasoma chumbani na pamba masikioni. Nyumba yangu ina vyumba sita, wapangaji watano, na kila mpangaji ana redio yake. Jirani wa ukutani anakodisha spika za singeli kwenye shughuli za watu, na lazima azijaribu kila siku kama zinalia. Zinalia. Nikamwambia Nasra, mke mwenzangu, si uende pale Korti ya Zamani, wameshaifanya maktaba, kuna meza, kuna feni, kuna kimya mpaka unasikia tumbo lako mwenyewe. Mtoto akatoa pamba sikio moja, akanambia, "Bibi, mie siwezi kusomea kwenye jela aliyofungwa baba yako."

Nikacheka. Halafu nikakaa kitako. Maana maneno yale ni yangu. Mie mwenyewe nilimsimulia alipokuwa mdogo, nikaishia pale penye uchungu, kisha nikaenda kuepua chai yangu jikoni. Mtoto akabaki na nusu. Na mie, mwanangu, nusu ya hadithi ile ile iliwahi kunitia hasara ambayo mpaka leo nikipita barabarani naikanyaga kwa miguu yangu.

Sasa sikiliza.

Ile Korti waliijenga wakoloni. Kuta za mawe na chokaa, unene wake kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Mbele ina baraza na ngazi tano, na milango yake mizito, ukiusukuma mmoja unakuuliza kwanza una shida gani. Kulia palikuwa chumba cha kuhukumia watu, kushoto palikuwa mahabusu, dirisha moja la barazani, usawa wa uso wa mtu, lina nondo. Uhuru ulipokuja ikakaa tu, popo ndo waliokuwa mahakimu. Mie nilipokuwa msichana, kwenye miaka ile ya kisomo cha watu wazima, ndo serikali ikaisafisha. Chumba cha kulia wakaweka karani wa kata, cha kushoto, ile mahabusu, wakaweka ubao na chaki, ikawa darasa. Watu wazima wakawa wanaingia kila siku alasiri, wamejitanda kanga zao, wanaimba a, e, i, o, u kama watoto wa chuoni.

Mie sikuingia. Nilikuwaga nikipita pale navuka barabara, napita upande wa pili, na natema mate. Nilikuwa nimeishia darasa la pili, najua namba kidogo, herufi zinanijua mie kuliko ninavyozijua. Lakini kuingia pale, hapana. Na ukiniuliza sababu nilikuwa nayo mdomoni tayari, kama mtu aliyebeba kitambulisho.

Sababu alinipa Shangazi Chausiku, dada yake baba. Yeye ndo aliyenilea, maana mama yangu alifariki sijaanza hata kung'oka meno ya utoto. Shangazi alikuwa mwema sana na alikuwa na kinyongo kingi sana, vyote viwili anavipika chungu kimoja. Alinambia hivi. Baba yako alikuwa mgema. Wakoloni wakasema kugema tembo mpaka uwe na kibali, hata mnazi ukiwa wako, hata kibuyu kiwe chako. Baba yako hakuwa na kibali. Askari wakamkuta juu ya mnazi, wakamsubiri chini, maana atakwenda wapi. Wakamfunga siku saba pale Kortini. Wakamchukua na alama ya dole gumba kwenye karatasi, kama mwizi. Na kila asubuhi wanamtoa nje na kaptula ya mahabusu, anafyeka nyasi mbele ya watu wanaokwenda sokoni. Siku ya pili, nani akapita? Mama mkwe wake. Wakati huo baba alikuwa ameshamposa mama yako, harusi bado.

Hapa lazima nikueleze, maana nyie wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu kochi moja mnatazama tamthilia. Kwetu Wazaramo, zamani, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Ukimwona anakuja njia hii, wewe unakata kichochoro. Ndo heshima yenyewe. Sasa baba hakuwa na kichochoro, alikuwa na askari mgongoni. Akasimama na fyekeo lake, mapaja nje. Mama mkwe akajifunika kanga gubigubi, akageuka akarudi alikotoka.

Shangazi akifika hapo alikuwa anafuta macho, anasema, "Fedheha ile haioshwi kwa maji. Damu yetu haikanyagi kizingiti kile." Basi. Hadithi inaishia hapo. Kila mara inaishia hapo. Wahenga wamesema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Shangazi hakukilalia, lakini kunguni alikuwa akiwahesabu yeye. Na mie nikarithi hesabu.

Baba mwenyewe hakuwahi kulizungumza. Mie nikaona kunyamaza kwake ndo ushahidi wa maumivu.

Haya. Mwaka huo baba alikuwa ameanguka. Mgema huwa hazeeki, huwa anaanguka tu. Mguu wa kulia ulipona ukiwa umekaa upande, akawa anatembea na fimbo, shughuli za juu kaziacha, anauza nazi na madafu. Tulikuwa na shamba letu dogo nyuma ya nyumba, minazi kumi na saba. Katika hiyo mmoja ulikuwa wangu. Mama aliupanda kwa mkono wake, akazika kitovu changu chini yake, ndo desturi yetu, mtoto na mnazi wake wanakua pamoja. Picha ya mama sikuwa nayo. Sauti yake siikumbuki. Nilikuwa na mnazi.

Siku moja, Jumatatu, baba akaniita. Akasema wapimaji wanakuja kupima viwanja mtaa mzima, na karani pale Kortini anaandikisha. Mwenye shamba aende ataje jina lake, minazi yake mingapi, mpaka wake uko wapi, mwisho Ijumaa. "Mguu wangu leo haunitaki," akasema. "Nenda wewe. Taja minazi kumi na saba. Usisahau ule wako."

Nikajitanda kanga nikaenda. Nikafika upande wa pili wa barabara. Pale palikuwa na mama mmoja anauza mihogo ya kuchoma, nikanunua kipande, nikala nimesimama, nikaitazama ile milango. Ndani watu wanaimba herufi, wanacheka. Nikasema moyoni, wanacheka kwenye fedheha ya baba yangu. Na nitakwambia kweli, mwanangu, kwa vile nimeshazeeka na uongo hauna faida kwangu tena: haikuwa fedheha ya baba peke yake. Nilikuwa naogopa karani atanipa kalamu aniambie andika. Mie na mdomo wangu ule, mtaa mzima wananijua kwa majibu, nishindwe na kalamu mbele ya watu. Ile hadithi ya Shangazi ilinifaa. Niliivaa kama baibui, ndani yake nikaficha ujinga wangu.

Nikarudi. "Baba, karani hayupo."

Jumatano akanituma tena. Mihogo, barabara, nikarudi. "Baba, foleni mpaka nje, jua kali."

Ijumaa kabla ya sala akanituma mara ya tatu. Mara hii hata muhogo haukushuka. Nikarudi nikamwambia, "Wamesema tusijisumbue, watapita wenyewe nyumba kwa nyumba." Baba akasema, "Ahsante mwanangu, umezunguka sana wiki hii." Akanipa dafu. Nililinywa. Sijawahi kunywa dafu chungu kama lile.

Njia ya mwongo fupi. Yangu haikumaliza wiki mbili.

Wapimaji wakaja Jumatano, na minyororo yao na mawe yao ya bikoni. Wakazamisha jiwe moja kwenye kona ya choo chetu, la pili katikati ya minazi. Baba akatoka na fimbo akawaamkua, akawauliza, jamani mbona jiwe liko ndani ya shamba langu? Kiongozi wao, kijana mpole tu, akafunua karatasi. Akasema, "Mzee, hapa kwetu panasomeka pori. Hakuna aliyejiandikisha. Hapa inapita barabara, na huku utakuwa uwanja wa shule." Baba akaniangalia. Mie nikaangalia kuku.

Kesho yake, Alhamisi, baba akavaa kanzu. Akavaa na kofia yake ya kiua, ile ya Idi. Nikamuuliza unakwenda wapi. "Kortini," akasema. Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

"Kaka, unakwenda kule kwa miguu yako mwenyewe?"

"Mara ya kwanza nilipelekwa," baba akasema. "Leo nataka kuona njia."

Nikamfuata. Kwa mguu ule tulitumia nusu asubuhi na zaidi, kila penye jiwe anapumzika. Tulipofika akapanda zile ngazi tano, moja moja, mkono ukutani. Mie nikabaki kwenye ngazi ya juu kabisa, nje ya kizingiti. Nikawa namsikia.

Karani alikuwa kijana wa bara, mstaarabu, akamwamkia shikamoo, akampa kiti. Baba akamweleza. Yule karani akashangaa. Akasema, "Mzee wangu, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, wiki nzima ile nilikuwa hapa. Ijumaa ndo nilikuwa peke yangu kabisa nafukuza nzi. Hakuna binti aliyekuja kutaja minazi."

Baba akasema, "Haya."

Mwanangu, kuna wazazi wanapiga, kuna wazazi wanatukana. Baba yangu alikuwa na hiyo haya yake. Ningeona heri fimbo.

Karani akasema bado kuna njia. Faili linakwenda mjini Jumanne. Ikipatikana barua ya malalamiko mwenye shamba ameitia saini, italiwahi. Akamwita mwalimu wa kisomo kutoka chumba cha pili, Mwalimu Anjela, mama mmoja mnene wa Kilimanjaro, sauti yake kama kengele ya kanisani kwao. Mwalimu Anjela akaiandika barua pale pale, akaisoma kwa sauti, minazi kumi na saba yote imo. Karani akasogeza kibati cha wino. "Weka dole gumba hapa, mzee, tumemaliza."

Baba akarudisha mkono mapajani. Akasema, "Dole gumba langu mlishalichukua humu humu. La pili sitoi. Mwalimu, kuandika jina kunachukua siku ngapi?"

"Inategemea na jina, baba yangu."

"Kondo."

Mwalimu Anjela akapiga hesabu kwa vidole. "Kondo ni jina la huruma. O ziko mbili, ukiijua moja umezijua zote. Leo Alhamisi. Ukija leo, kesho, Jumamosi na Jumatatu, Jumanne unaandika."

Baba akasema basi anaanza leo. Akasubiri pale barazani mpaka alasiri, wanafunzi wakaja, akaingia nao. Chumba cha kushoto. Ile mahabusu. Wanawake wakasogea kumpa nafasi kwenye mkeka, yeye peke yake mwanamume na kanzu yake, wakaanza kumtania kwamba leo darasa limepata bwana harusi. Baba anacheka. Mie niko kizingitini, namwona baba yangu anacheka ndani ya chumba kile, nikahisi kama ananisaliti.

Mwalimu Anjela akaniona. "Na wewe binti, mbona umesimama kama mlinzi? Ingia, mkeka haung'ati."

Nikasema kwa sauti, maana nilitaka wote wasikie, nilitaka hata baba asikie kwamba mie ndo mwenye uchungu wa ukoo, "Mie siingii humu. Baba yangu alifungwa humu."

Baba alikuwa ameinama kwenye kibao chake, anavuta ile O ya kwanza. Akaimaliza kwanza. Hakuinua hata sauti. Akasema:

"Nilifungwa mie. Siku ya nane nikatoka. Wewe hukufungwa, na mpaka leo hujatoka."

Ndo neno lenyewe. Lile la ardhi ipasuke.

Mwalimu Anjela akageukia ubao akafuta sehemu ambayo haikuwa na kitu. Mie machozi yananitoka, na sijui ni nini kilichonisukuma, nikavuka kizingiti. Nikaenda nikakaa chini karibu na baba. Akaniambia taratibu, kwa ajili yangu mie tu, "Ungenambia baba naogopa, ningekuja mwenyewe hata kwa kutambaa. Mtu anayetumwa anaweza kusema siwezi, hakuna kosa. Lakini aliyetumwa akirudi na uongo, aliyemtuma analala akidhani mlango umefungwa."

Nikamwambia nisamehe baba. Nikamwambia Shangazi alinambia, nikamsimulia yote, nyasi, kaptula, mama mkwe kajifunika kanga.

Baba akaweka chaki chini. "Shangazi yako alikwambia bibi yako alirudi nyuma. Hakukwambia alirudi kufanya nini?"

Nikasema hapana.

Akanyoosha kidole kwenye lile dirisha la nondo. Akasema, "Alirudi kwenda kupika. Alasiri ile ile chakula kikafika pale dirishani, bakuli la bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki. Sasa yeye mwenyewe kukileta hawezi, si mkwe wangu? Tutatazamanaje? Na mtu mwingine wa kumtuma hakuwa naye. Akamtuma binti yake. Kajifunika shuka, linaonekana jicho moja tu. Askari wa zamu naye alikuwa mtu mzima, akajifanya anatazama barabara. Siku tano zilizobaki, kila alasiri. Bila Korti hii ningemwona mama yako siku ya ndoa. Mara ya kwanza kuisikia sauti yake ni pale."

Nikamuuliza, "Alisema nini?"

Baba akatabasamu, kofia imekaa upande. "Alisema, kula upesi, bakuli la watu."

Mwanangu, mie nilikuwa na miaka kumi na nane. Miaka yote hiyo namtafuta mama yangu, na sauti yake ilikuwa imekaa kwenye dirisha ninalolivukia barabara na kulitemea mate.

Shangazi hakuwa mwongo, usimhukumu. Aliijua siku ya pili, kwa sababu siku ya pili ndo ilimuuma. Hizo tano nyingine hazikuwa zake. Mtu akikusimulia donda lake atakuonyesha damu. Mganga aliyelifunga anaweza kumsahau kabisa.

Basi baba akaja siku zote nne. O aliipata siku ya kwanza, alisema ni dafu tu. K ndo iliyomsumbua, akaja kugundua mwenyewe kwamba K ni yeye, amesimama na fimbo na mguu mmoja umechomoka. Jumanne asubuhi akaandika Kondo chini ya ile barua. Herufi zimepanda mlima, D imelala, lakini imesomeka. Karani akasimama kumpa mkono. Kile kibati cha wino baba alikisogeza pembeni kwa kidole kimoja, kama mtu anayemwondoa paka mezani.

Ningependa nikwambie tulirudishiwa yote. Haikuwa hivyo. Wakubwa wakaja, wakapima upya, wakasema barabara ilishachorwa, haiwezi kupinda yote. Tukapata nyumba yetu na minazi kumi na mmoja. Sita ikaenda na barabara. Na mnazi wangu, ule aliopanda mama, ulikuwa wa pili kutoka kwenye kona. Karani mwenyewe alinambia kwa huruma, akasema ningetaja mapema, kabla mchoro haujatoka, wangeweza kusogeza mstari kwa hatua kumi tu. Hatua kumi. Mie nilipungukiwa nazo upande wa pili wa barabara nikila muhogo. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wa kwangu alizaliwa siku hiyo hiyo, hakungoja.

Walipoukata nilikuwepo. Sikulia, nilikuwa nimeshalia kwa siku kadhaa. Baba akaomba gogo wasilitupe. Akawaita vijana wanne, wakalibeba mpaka Kortini, likachongwa upande wa juu likawa benchi, maana darasa zima lilikuwa linakaa mkekani na wazee walikuwa wanalalamika viuno. Mie nilisomea juu ya benchi hilo. Herufi zote nilizonazo, mwanangu, si nyingi lakini zinanitosha, nilizipata nimekalia mnazi wangu mwenyewe, usoni kwangu dirisha la mama. Mchwa walikuja kulila baadaye, mchwa hawajui habari za mtu. Lakini lilitusomesha miaka.

Sasa hivi Korti imekarabatiwa, imepakwa rangi nyeupe, mahabusu ndo chumba cha kusomea watoto wa shule, cha karani kina kompyuta. Zile nondo wameziacha, na chini ya dirisha wameweka meza. Mie naendaga Jumanne kusoma magazeti, naanza na ukurasa wa vifo nijue nani kanitangulia. Yule binti msimamizi ananiwekea kiti karibu na feni. Nikimaliza nakwenda kugusa nondo, narudi nyumbani.

Kwa hiyo nasaha zangu ni hizi, na nitazisema wazi maana mafumbo nimeyachoka. Ukipewa kinyongo cha mtu, mwenye nacho akiwa hai, nenda ukamuulize mwenyewe kama bado anakitaka. Unaweza ukakuta alishakitua zamani, wewe ndo unahangaika nacho kichwani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, lakini mie usufi ule niliubeba mpaka ukageuka chuma. Ukisimuliwa hadithi ikaishia penye uchungu, uliza kesho yake ilikuwaje. Ukitumwa na huwezi, sema siwezi. Na jengo, mwanangu, halina dini wala kabila. Jengo ni kama sufuria. Walipikia dhuluma, tukalisugua, sasa tunapikia wali. Usikatae wali kwa sababu ya kilichopikwa kabla hujazaliwa. Ila ujue kilipikwa nini, na wewe siku moja uwasimulie wanao, na hadithi uimalize.

Mwenyezi Mungu awape nyie wote vizingiti vyepesi. Awape baba wa kuwaambia ukweli wakiwa bado wana nguvu za kupanda ngazi, na akili zenu zifunguke kama madafu, bila kumwagika. Kalamu ziwatii. Amina.

Na wewe Nasra, najua umesimama nyuma ya pazia, unasikiliza na zile pamba umeshazitoa. Kesho beba madaftari yako. Kaa meza ya dirishani. Yule msimamizi kasema chakula hakiingii mlangoni, nami nimemsikia vizuri. Alasiri nitakuja nje kwenye nondo na bakuli la bada na samaki. Na mie si mkwe wako, nitakutazama mpaka umalize. Kula upesi tu, bakuli la watu.